Bangili zangu ziko kwa shailoki, naambiwa nizikomboe mwenyewe

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia usiku, nyumba imelala. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mombasa. Nilipoolewa mwaka 2014, marehemu mama alinivalisha bangili nne za dhahabu, kila moja tola moja, zilizofuliwa na sonara wa Mji wa Kale ambaye ndiye aliyemfulia na yeye zake. Mama alipofariki mwaka 2021, kidani chake kikabaki kwangu pia kwa kuwa mimi ndiye binti yake pekee. Hatukukaa kikao cha kugawa. Kaka yangu alisema tu, "Kaa nacho wewe." Vyote nilivitia kwenye kifuko cha leso alichokishona mama kwa mkono, nikakiweka chini ya kanga sandukuni. Huvitoa siku za arusi na Idi, kisha hurudi mahali pake.

Mwezi uliopita nilifungua sanduku nikitaka kwenda arusi ya jirani, nikakuta kifuko hakipo. Nilipekua nyumba nzima. Nilimshuku hata msichana anayenisaidia kazi, Mungu anisamehe, nikamhoji kwa ukali mbele ya watu mpaka akalia. Binti wa khalati yangu naye akaweka tangazo kwenye WhatsApp, lenye picha ya mkono wangu siku ya arusi, akaandika: "Aliyezinunua au kuziwekea pesa bangili hizi azirudishe, hatutauliza kitu, na pesa yake tutamrejeshea." Likasambaa kwenye makundi.

Siku tisa baadaye nikawa nafua nguo za mtoto wa kaka yangu. Ni kijana wa miaka 23, anaendesha bodaboda, nimeishi naye tangu akiwa darasa la sita. Mfukoni nikatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Bangili 4, mkufu mkubwa 1, dhahabu. Shilingi 60,000. Riba asilimia 20 kwa mwezi." Chini jina lake, nambari ya kitambulisho, sahihi, na tarehe ya mwisho. Leo zimebaki siku kumi na moja.

Nilipomkalisha hakukana. Amekuwa akibeti mipira, akakopa kwenye simu ili abeti tena, wakaanza kumpigia simu na kumtishia. Alisema alikusudia kuzikomboa kabla sijajua.

Nilikwenda kwenye duka la shailoki aliyeandika karatasi ile, mkopeshaji wa kushika rehani. Mwenyewe hakunifukuza. Alitoa kifuko, nikakiona kwa macho yangu, kifuko cha mama, akakirudisha ndani. Akaniambia, "Mama, mimi mwizi simjui. Namjua aliyetia sahihi hapa. Lete karatasi na elfu sabini na mbili, uchukue vitu vyako."

Kaka yangu analia nisimpeleke mwanawe polisi. Anataka tuchangishane, tulipe hizo elfu sabini na mbili, tunyamaze. Nilipositasita akasema, "Isitoshe hiyo ni dhahabu ya mama, hata mimi nina haki nayo." Ananiomba nimpe ile karatasi akazikomboe yeye. Mume wangu kwa upande wake anasema nikienda polisi zitageuzwa kielelezo, zikae miaka, na siku zikirudi zitakuwa shaba.

Shangazi, nilipe? Nikimripoti mtoto niliyemlea, nitamtazama vipi kaka yangu? Na nisiporipoti, kweli mali yangu mwenyewe niinunue mara ya pili?

Mwenye Bangili, Mombasa

*

Marahaba, mwanangu. Pole, na pole zaidi kwa sababu aliyekuumiza ni mtoto uliyempakulia chakula kwa mikono yako.

Ile karatasi usimpe mtu. Hata kaka yako. Kwenye maduka haya mwenye karatasi na pesa ndiye anayekabidhiwa mali, wala haulizwi ni ya nani. Sisemi kaka yako ana nia mbaya, ila mtu aliyekwisha kutamka kwamba ana haki na dhahabu hiyo si wa kumpa ufunguo wake. Ipige picha pande zote mbili usiku huu, ujitumie wewe na mumeo, kisha uifiche.

Halafu tazama hizo siku kumi na moja. Mtu aliyeibiwa gari ana nambari ya chesisi, aliyeibiwa simu ana nambari ya kutambulisha simu. Bangili ikishayeyushwa haina tena jina wala uso. Alama ya 916 inayogongwa kwenye dhahabu ya karati 22 inapotea pamoja na mkono wa fundi, linabaki donge ambalo hakuna hakimu atakayejua lilitoka mkononi mwa nani. Tarehe iliyoandikwa pale chini ikipita, mwenye duka atajiona ana ruhusa ya kuuza, na dhahabu iliyouzwa haikai dirishani muda mrefu. Kwa hiyo vikao vya familia viendelee, lakini visikuzuie kufanya kazi ya kesho asubuhi.

Nimekaa miaka mingi kwenye masjala ya mahakama kabla ya kustaafu, na neno nililolisikia zaidi kutoka kwa wenye maduka haya ni hilo uliloambiwa: mwizi simjui, namjua aliyetia sahihi. Linatamkwa kwa upole na linamfanya mwenye mali ajione mkosaji. Usilikubali. Kijana hakuwa na bangili, kwa hiyo hakuwa na cha kuweka rehani. Hata mtu aliyenunua kabisa, akatoa pesa taslimu, kwa kawaida hapati haki kubwa kuliko aliyokuwa nayo aliyemuuzia. Ndivyo isemavyo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 23. Na kwa dhamana, sheria ya mwaka 2017 juu ya dhamana za mali zinazohamishika inataka anayetoa kitu awe na haki nacho au uwezo wa kukitolea dhamana. Mpwa wako hakuwa na haki wala uwezo. Deni la elfu sitini lipo, silikatai, lakini ni la yeye na mkopeshaji wake. Halikupandi wewe wala halishiki dhahabu yako.

Sasa kazi yenyewe. Usiku huu toa picha zote za arusi na za Idi ambazo bangili zinaonekana vizuri, hasa zile za karibu, ukiwa umepakwa hina na mikono imenyooshwa. Kama mna video ya siku ya kupambwa, tafuta mahali mkono unapogeuka, nakshi ionekane. Asubuhi nenda kwa yule sonara, au kwa mwanawe kama mzee hayupo tena. Mafundi wa Mji wa Kale wanaijua kazi yao kama mama anavyoyajua maandishi ya mwanawe. Muulize kama ana daftari la mwaka 2014, muombe akuandikie uzito, karati, nakshi na alama anayogonga. Tola moja ni kama gramu 11.66, kwa hiyo bangili nne zinatakiwa zikaribie gramu 46 na nusu. Zikipimwa mbele ya afisa na uzito ukalingana na ulioandikwa na sonara, umefika mbali. Kumbuka pia kasoro. Kuna iliyowahi kupinda ukaipeleka kuchomewa? Kuna iliyokwaruzwa kwenye kifungo? Nakshi zinafanana kwa watu wengi, kasoro haifanani. Na kifuko cha mama, mwanangu, usikidharau kwa kuwa ni kitambaa. Umekiona dukani kwa macho yako. Kama umebaki na kipande cha leso ile ile au kitu kingine alichoshona kwa uzi ule, kiweke pamoja na picha.

Ukishakuwa na hayo nenda kituo cha polisi, uripoti, upewe nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo. Kuripoti hakulipiwi. Sema kweli yote, pamoja na jina lililo kwenye karatasi. Najua hapo ndipo mguu unapogoma, na watu watakushauri useme "mwizi simjui" ili umsitiri kijana. Usifanye hivyo. Kumpa polisi habari ya uongo ni kosa juu yako wewe, na karatasi uliyonayo itakuumbua siku ya kwanza. Omba polisi waende dukani kwa hati ya upekuzi wazichukue, na usimame mpaka ujue ni afisa gani amepewa kazi hiyo. Jina lake liandike.

Nambari ya OB ikiwa mkononi, muandikie mwenye duka barua. Fupi tu, kwa Kiswahili kinachoeleweka: mimi fulani, bangili nne za namna hii, uzito huu, nakshi hii, zimo kwenye kifuko cha namna hii, ziliibwa nyumbani kwangu, zimeripotiwa kwa nambari hii, nawe umezishika kwa karatasi nambari hii ya tarehe hii; usiziuze, usiziyeyushe, usimkabidhi mtu mwingine yeyote. Nakala mbili. Moja abaki nayo, ya pili atie sahihi na tarehe. Akikataa kutia sahihi, nenda na mtu mzima asiye wa ukoo wenu ashuhudie ukiiacha, kisha mtumie picha ya barua hiyo kwenye simu yake.

Utaniuliza karatasi moja itamfanya nini mfanyabiashara. Itamwondolea lile neno lake. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 322, inamshika mtu anayepokea au kuendelea kukaa na mali ya wizi huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi, na adhabu yake inafika miaka 14. Mpaka jana angeweza kusema hakujua. Mimi binafsi nina shaka na hilo pia, maana kijana wa bodaboda aliyeleta bangili za kike kwenye kifuko cha leso, bila risiti, akakubali elfu sitini kwa tola nne na kidani juu yake, alipaswa kuulizwa maswali. Lakini shaka yangu si ushahidi. Barua yako ndiyo ushahidi. Kuanzia saa ile atakayoipokea hawezi tena kusema hana sababu ya kuamini, na wengi wao wakiisoma vizuri sauti hubadilika.

Usiende kumpigia kelele. Usiende na vijana wa mtaa. Nimeona mwenye mali akigeuka mshtakiwa kwa kuvunja kioo cha duka.

Kidani ni habari nyingine, na hapa kaka yako ana neno ambalo hatuwezi kulipita. Bangili ni zako tangu siku ulipovalishwa mwaka 2014, mama yako hai, mbele ya watu, na picha zipo. Akitaka kusema hiyo ni dhahabu ya mama, amechelewa miaka yote hiyo. Kidani kilikuwa shingoni mwa mama mpaka alipofariki, na nyinyi hamkugawa. "Kaa nacho wewe" inaweza kuwa zawadi, inaweza kuwa amana tu, na wewe mwenyewe umeandika kwa uaminifu kwamba hakukuwa na kikao. Kama ni mirathi isiyogawiwa, kaka yako ana fungu, tena fungu la mtoto wa kiume ni maradufu ya lako kwa sheria yetu ya Kiislamu, na warithi wengine kama wapo wana lao. Hilo halimpi kijana ruhusa. Kukiiba kidani cha warithi ni wizi vile vile. Ila kituoni na kwenye barua kitenge na bangili: hizi nne ni zangu, kidani hiki ni cha mirathi ya mama yetu nilichokuwa nikikitunza. Usiandike "vyote vyangu" halafu kaka yako asimame siku ya kesi akupinge. Ukitiliwa shaka kwa kidani utatiliwa shaka na kwa bangili. Vitu vikirudi, nyinyi ndugu kaeni mkigawe kwa sheria, au mwende kwa kadhi. Kaka yako mwambie hivyo mapema, kwa maneno mazuri, kwamba fungu lake unalilinda. Huenda ndilo litakalomfanya aache kukuvuta nguo.

Lile tangazo la binti wa khalati yako liondolewe leo. Alikuwa na uchungu nawe, hakujua. Lakini kuna kifungu cha 120 cha Kanuni ya Adhabu ambacho hata mawakili ni wachache wanaokikumbuka: ni kosa kutangaza hadharani zawadi kwa arudishaye mali ya wizi ukisema hataulizwa kitu, na ni kosa kutangaza hadharani kwamba aliyeinunua au aliyeikopeshea pesa atarejeshewa pesa yake. Hilo la pili yeye ameliandika waziwazi, na maneno ya "hatutauliza kitu" yamo kwenye sentensi hiyo hiyo. Sidhani mtu atamshtaki kwa tangazo la simu, ila wakili wa mwenye duka akiliona atalitumia kusema nyinyi wenyewe mliahidi kumlipa. Aombe kila kundi alilolituma walifute.

Sasa swali lako lenyewe. Usilipe. Na haki yako si sababu pekee ninayoiona. Ukiweka elfu sabini na mbili mezani ukachukua kifuko, kijana atajua kwamba sanduku la shangazi yake ni benki, mwenye duka atajua kwamba mali ya wizi inalipa asilimia 20 kwa mwezi hata mwenyewe akitokea, na siku utakayotaka kulalamika utaulizwa kwa nini ulikomboa kama mteja. Hao wawili watakuwa wametoka salama, hasara utaibeba wewe uliyeibiwa.

Zile pesa ambazo kaka yako anataka kuchangisha, achangishe. Lakini zisipitie kwako. Mwanawe amekopa elfu sitini kwa kitu kisicho chake. Hilo ni deni la mwanawe, na baba akiona uchungu kulilipa na alilipe kwa mwenye duka, kwa jina la mwanawe, wakiandikiana kwamba deni ni la kijana na kwamba mali imerejeshwa kwa mwenyewe. Riba waipiganie wao. Nami ningekuwa baba ningeweka msingi tu, nikamwonyesha mwenye duka ile barua yako. Wenye maduka wengi wakishaona OB huridhika kupata elfu sitini zao. Jambo moja lisiingie katika maandishi hayo wala katika maneno: kwamba wewe unapewa kitu ili usiripoti au usitishe kesi. Kupokea faida kwa makubaliano ya kuficha kosa kubwa ni kosa lenyewe, kifungu cha 118 cha Kanuni ya Adhabu. Ndiyo sababu nimekuambia uripoti kwanza, mazungumzo yafuate.

Mumeo anaogopa vielelezo, na hakosei kuogopa. Kifungu cha 121 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai kinaruhusu kitu kilichokamatwa kikae mpaka kesi iishe. Lakini mwenye mali hakatazwi kuomba. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 78, inakubali picha zilizothibitishwa na afisa aliyeidhinishwa. Muombe kiongozi wa mashtaka, mapema, dhahabu ipimwe na ipigwe picha mbele yako, kisha aombe mahakama ikukabidhi kwa sharti kwamba utaileta itakapohitajika. Ombeni kwa maandishi. Siku zinapochukuliwa dukani hakikisha uzito, idadi na alama vimeandikwa kabla ya bahasha kufungwa, nawe ubaki na nakala. Hofu ya shaba inatibiwa na mizani, mwanangu, haitibiwi kwa kukaa nyumbani.

Nikusimulie kitu ambacho sijakisahau. Alikuja mama mmoja masjala, naye aliibiwa na mtu wa nyumbani, mikufu yake ikakutwa kwenye duka la rehani, polisi wakaichukua. Ukoo ukamlilia, akaenda mahakamani akaondoa malalamiko, hakimu akakubali. Alitoka pale akifurahi, akaja kwangu kuuliza achukue wapi mikufu yake. Nikalazimika kumsomea. Kesi ikifika mwisho bila mtu kupatikana na hatia, mwelekeo wa kile kifungu cha 121 ni kwamba kitu kirudi kwa yule aliyenyang'anywa, isipokuwa mahakama iamue vingine. Aliyenyang'anywa alikuwa mwenye duka. Hakuna aliyekuwa amemwomba hakimu aamue vingine. Yule mama alikaa kwenye benchi letu la mbao mpaka tukafunga ofisi.

Kwa hiyo sikukatazi kumsamehe kijana. Kifungu cha 204 cha ile Sheria ya Mwenendo wa Jinai kinakuruhusu kumweleza hakimu sababu zako na kuomba kuondoa malalamiko kabla ya uamuzi, naye ana hiari ya kukubali au kukataa. Lakini usamehe dhahabu ikiwa mkononi mwako, au siku ile ile umwombe hakimu atamke waziwazi kwamba irudi kwako. Kama atahukumiwa, kifungu cha 178 cha sheria hiyo hiyo kinataka mali iliyoibwa irejeshwe kwa mwenyewe. Ukiondoa kesi, mlango huo unaufunga kwa mkono wako.

Na usidanganywe kwamba ni kesi ndogo. Wizi wa kawaida adhabu yake inafika miaka mitatu. Ukifanyika ndani ya nyumba ya kuishi kwa kitu kinachozidi thamani ya shilingi mia moja, kifungu cha 279 cha Kanuni ya Adhabu kinafika miaka 14. Huo ndio upeo, si kwamba kila mtu hupewa huo. Kijana asiye na kosa la nyuma, aliyekiri, ambaye mali imepatikana, mara nyingi huulizwa afisa wa probesheni atoe ripoti, na ripoti ya probesheni husikiliza sana neno la aliyeibiwa. Neno hilo ni lako. Kaka yako anaposema umemuua mwanawe, mwambie kwamba bila wewe mahakamani hakuna wa kumsemea.

Ikitokea polisi hawasogei, au kiongozi wa mashtaka hataki kufungua kesi, bado kuna mlango mwingine. Mahakama ya madai madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, inasikiliza hata madai ya kurudishiwa mali inayohamishika, ikiwa thamani haizidi shilingi milioni moja, na inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60. Mombasa ipo. Huhitaji wakili. Utamshtaki mwenye duka arudishe bangili au alipe thamani yake, na ile barua yenye sahihi itakuwa karatasi yako ya kwanza. Muombe sonara akuandikie thamani ya leo, si ya mwaka 2014. Dhahabu imepanda sana, na ukijumlisha kidani ukaona mmeikaribia milioni, uliza masjala kabla ya kulipia ada.

Kuhusu kijana kuendelea kulala kwako, nitasema ninavyoona mimi. Mpaka mambo haya yaishe akae kwa baba yake. Si adhabu. Mtu anayedaiwa na mikopo ya simu na bado ana hamu ya kubeti mechi ya Jumamosi hapaswi kuwekwa karibu na sanduku la mtu. Baba yake akae naye, waandike madeni yote, yote, pamoja na yale anayoona haya kuyataja, na pesa ya bodaboda ipite kwa baba kwa muda. Ulimlea vizuri. Alipoulizwa hakukana, na hilo nimeliona kwenye barua yako.

Tena kuna mtu uliyempita kwa sentensi moja. Yule msichana. Ulimhoji kwa ukali mbele ya watu akalia, na tangu siku hiyo wale watu wanamjua kama mwizi wa nyumba yako. Nawe umekwisha kujua kwamba siye. Kesho kabla ya kwenda kwa sonara, waite waliokuwepo, kama ni jirani wa ukuta wa pili, kama ni mama mkwe, umwombe radhi kwa jina lake wakisikia. Yeye hana karatasi ya kuonyesha kwamba hakuchukua kitu.